Anayebaguliwa Huona Barua Moja Tu

Mtu anayebaguliwa mara nyingi ndiye wa mwisho kupata ushahidi. Mkononi ana barua yake moja: "Tunasikitika kukujulisha kwamba hukufanikiwa katika nafasi uliyoomba." Hajui aliyefanikiwa ni nani, alipewa alama ngapi, aliulizwa nini, wala atalipwa kiasi gani. Anayeyajua yote hayo ni aliyeiandika barua, na yeye hana haraka ya kuyasema. Mbaguliwa anabaki na hisia, na hisia haipokelewi mezani. Akifungua mdomo ataambiwa ana kinyongo, anajishuku, anatafuta wa kumlaumu kwa kushindwa kwake.

Ndiyo maana naamini kwamba kabla hatujafika kwenye mioyo ya watu, ubaguzi ni suala la nani ameshika karatasi zote na nani ameshika moja.

Zipo zama ambazo mbaguaji hakuona haja ya kuficha karatasi. Mwaka 1963, jijini Bristol, Uingereza, kampuni ya mabasi ilikuwa inakataa waziwazi kuajiri watu weusi na Waasia kuwa madereva na makondakta, na meneja wake alilitetea jambo hilo hadharani bila haya. Kijana mmoja, Guy Bailey, alipangiwa usaili. Kampuni ilipojua kuwa ni mweusi, usaili ukafutwa. Watu wa jiji hilo wakasusia mabasi kwa miezi kadhaa, Paul Stephenson akiwa mstari wa mbele, mpaka tarehe 28 Agosti 1963 kampuni ikatangaza kuondoa marufuku hiyo. Miaka miwili baadaye Uingereza ikapata sheria yake ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi, lakini sheria hiyo haikugusa ajira. Ilibidi kusubiri mpaka 1968.

Ushindi ule ulikuwa wa kweli. Ila tuseme ukweli mwingine pia: sheria inaweza kumzuia mtu kutamka sababu, haiwezi kumzuia kutafuta sababu nyingine. Ubaguzi ukajifunza adabu. Siku hizi hauna kibao mlangoni. Unasema "tumepata mtu mwenye uzoefu zaidi", "hataendana na timu", "lafudhi yake itawasumbua wateja", "tunahofia kama ataweza mikikimikiki ya kazi hii". Kila sentensi hapo, ukiitazama peke yake, inaweza kuwa kweli. Uongo wake unaonekana tu ukiiweka karibu na ile aliyoambiwa mwingine.

Wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walilionyesha hilo kwa njia rahisi sana. Walituma karibu wasifu 5,000 wa kubuni kujibu matangazo ya kazi katika miji ya Boston na Chicago, Marekani. Waliyabadilisha majina: baadhi ya wasifu zilibeba majina kama Emily na Greg, ambayo wasomaji huyahusisha na wazungu, na nyingine majina kama Lakisha na Jamal, wanayoyahusisha na Wamarekani weusi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004 ni kwamba mwenye jina la kizungu aliitwa takribani mara moja kwa kila wasifu 10, na mwenye jina la watu weusi mara moja kwa kila 15. Kilichoniuma zaidi katika utafiti ule ni kitu kingine. Wasifu ulipoboreshwa, ukaongezewa uzoefu na ujuzi, mwenye jina la kizungu alinufaika waziwazi. Mwenye jina lile jingine alinufaika kidogo tu. Maana yake ni kwamba ule ushauri tunaowapa vijana wetu usiku na mchana, soma zaidi, jiongeze, ongeza cheti kingine, haulipi sawa kwa kila anayeufuata.

Sasa mfikirie huyo Jamal mmoja, nyumbani kwake, siku simu isipolia. Angejuaje? Waliojua ni watafiti, kwa sababu wao walikuwa wameshika wasifu zote mbili.

Kuna ubaguzi mwingine ambao hauhitaji hata mtu mwenye nia mbaya, unahitaji kanuni tu. Katika kituo kimoja cha kuzalisha umeme jimboni North Carolina, Marekani, wafanyakazi weusi walikuwa wamefungiwa katika idara moja ya vibarua, ambako kazi iliyolipa vizuri kuliko zote ililipa pungufu ya kazi duni kabisa ya idara nyingine. Sheria ya kupinga ubaguzi kazini ilianza kutumika nchini humo tarehe 2 Julai 1965. Siku hiyohiyo kampuni ikaongeza sharti la kufaulu mitihani miwili ya kupima uwezo kwa mwajiriwa mpya anayetaka kuingia idara zile nzuri, juu ya sharti la cheti cha sekondari. Hakuna neno rangi popote. Lakini kwa sensa ya 1960, wanaume wazungu waliomaliza sekondari katika jimbo lile walikuwa asilimia 34, na weusi asilimia 12. Na wazungu walioajiriwa zamani bila cheti waliendelea kuchapa kazi na kupandishwa vyeo kama kawaida! Kama cheti kingekuwa ndicho kinachoendesha mitambo, wale wangeshindwa. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja, ikasema kanuni yenye sura ya haki inayowafungia watu nje bila kuwa na uhusiano na kazi yenyewe haikubaliki.

Miaka sita baadaye mahakama hiyohiyo ililitazama sharti la askari magereza wa jimbo la Alabama: kimo kisipungue takribani sentimita 157, uzito usipungue kilo 54. Sharti hilo liliwaondoa zaidi ya asilimia 41 ya wanawake, na wanaume hawakufika hata asilimia moja. Jimbo likajitetea kwamba linahitaji watu wenye nguvu. Jibu la mahakama, kwa maneno yangu: basi pimeni nguvu.

Basi pimeni nguvu. Natamani kila mwenye kuandika tangazo la kazi angesimama hapo kidogo. Unataka mtu mwenye sauti ya kueleweka na wateja? Msikilize akizungumza na mteja. Usiandike "awe na mwonekano mzuri", kwa sababu hakuna aliyewahi kuuweka mwonekano kwenye mizani, na kila atakayeusoma mstari huo atauona uso anaoupenda yeye.

Nimewahi kuwa katibu wa jopo la usaili. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila swali linaloulizwa na kiini cha jibu, kila msailiwa na ukurasa wake. Nafasi ilikuwa ya msimamizi, yenye safari za hapa na pale. Aliingia kijana mmoja, akaulizwa ataiongozaje timu yenye watu waliomzidi umri, atafanya nini bajeti ikikatwa katikati ya mwaka, ni kosa gani la mtangulizi wake angelirekebisha kwanza. Maswali mazuri, na akajibu vizuri. Akafuata mama mmoja.

"Dada, una watoto?"

"Ninao, mwenyekiti."

"Wadogo?"

"Mmoja bado mdogo."

"Sasa hizi safari, mzee nyumbani anazionaje?"

Akatabasamu kwa heshima, akasema wameshaongea na mumewe, na kwamba watoto wale wana baba. Watu wakacheka. Kisha akaulizwa swali moja la bajeti, muda ukaisha.

Wa tatu alikuwa kaka anayetembea kwa magongo. Sehemu kubwa ya muda wake ilikwenda kwenye ngazi. Utapandaje, utashukaje, umeme ukikatika lifti isifanye kazi itakuwaje, huoni kwamba safari zitakuchosha. Yote kwa sauti ya upole, ya kumwonea huruma hasa. Yeye akawa anajibu kuhusu ngazi, kwa sababu ndicho alichoulizwa.

Walipotoka wote, jopo likaanza kulinganisha. Mjumbe mmoja akasema, "Yule kijana wa kwanza amejieleza kwa kina kuhusu uongozi. Huyu mama yuko vizuri, ila majukumu yake ni mengi. Na yule bwana wa magongo, kwa kweli, hakutuonyesha fikra za uongozi."

Nikaomba ruhusa, nikazipanga zile kurasa tatu juu ya meza, nikayasoma maswali tu, bila majibu. Kijana: uongozi, bajeti, makosa ya mtangulizi. Mama: watoto, mume, safari, bajeti. Kaka: ngazi, lifti, uchovu. Hangeweza kutuonyesha fikra za uongozi. Hakuna aliyemwomba azionyeshe. Kimya kikapita. Mwenyekiti akasema nia ya jopo haikuwa mbaya, na mimi nilimwamini, namwamini hata leo. Alikuwa mtu mwema. Usaili haukurudiwa. Kijana akapewa kazi, na usaili uliofuata maswali yakachapwa mapema, yaleyale kwa wote.

Hiyo hoja ya nia njema huja kila mara, kwa hiyo nisiiache ipite hivihivi. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unapoeleza ubaguzi katika ajira hauanzi kwa kuuliza mwajiri alikuwa na nini moyoni. Unatazama tofauti, utengaji au upendeleo unaotokana na rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, asili ya mtu na kadhalika, ambao matokeo yake ni kuondoa au kupunguza usawa wa fursa. Matokeo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1965 dhidi ya ubaguzi wa rangi, na ule wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo inataja lengo au matokeo, kimoja kinatosha. Walioiandika hawakuwa wajinga. Walijua kwamba ukisubiri mtu akiri nia mbaya, utasubiri mpaka uzeeke. Yule kaka wa magongo alirudi nyumbani bila kazi, na huruma ya jopo haikumpunguzia chochote.

Shuleni mambo yanakuwa mazito zaidi, kwa sababu mtoto hana hata ile hisia ya kushuku. Mtu mzima akinyimwa hujiuliza. Mtoto huamini.

Darasani kwetu alikuwepo msichana mwenye uoni hafifu. Aliketi nyuma kwa sababu alikuwa mrefu, na warefu ndiko walikopangwa. Ubao aliuona kama ukuta. Nilikuwa nimekaa naye dawati moja, basi nikawa namnong'oneza kilichoandikwa, naye anaandika haraka, uso ukiwa karibu kugusa daftari. Mwalimu akatuona tunanong'ona, akatutenganisha kwa kosa la kupiga soga. Jirani yake mpya hakuwa na mazoea ya kunong'ona. Alama zake zikaporomoka muhula uleule, na kwenye ripoti yake ikaandikwa kwamba ana uwezo ila hana bidii. Nilimwona akiisoma ripoti ile, ameishika karibu kabisa na jicho moja. Hakulia wala hakubisha. Alisema, "Ni kweli, mimi mvivu."

Hakuna mtu aliyemtukana. Alichohitaji ni kusogezwa mbele na kupewa karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho ya kawaida anayoyahitaji, yasiyo mzigo wa kupita kiasi, ni ubaguzi. Dawati la mbele si mzigo kwa shule yoyote duniani.

Namna mtoto anavyoiamini hukumu ya wengine ilionekana kwa uchungu katika kazi ya Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia wa Marekani, mke na mume, miaka ya 1940. Waliwapa watoto weusi wadogo wanasesere wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza: yupi mzuri, yupi mbaya, yupi ungependa kucheza naye. Wengi wakamchagua mweupe kuwa mzuri. Kisha likaja swali la mwisho: nipe anayefanana na wewe. Hapo baadhi ya watoto walilia, na wengine wakatoka chumbani mbio. Utafiti wa kina Clark ulikuwa miongoni mwa kazi zilizotajwa pale Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua, tarehe 17 Mei 1954, kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Nawaza sana kuhusu walimu ninapoyakumbuka haya. Wengi wanafanya kazi ngumu, madarasa yamefurika, na sitaki kuwarushia mawe. Lakini naomba jambo moja linalowezekana hata katika darasa lililofurika: kwa wiki moja, weka alama ndogo kwenye daftari kila unapomwita mwanafunzi kujibu swali, na kila unapoadhibu. Kisha zitazame hizo alama. Ni akina nani unaowaita? Ni akina nani unaowaadhibu kwa kosa ambalo mwingine unamkemea tu kwa jicho? Hutahitaji mtaalamu akufafanulie.

Nirudi kazini, maana mshahara ndipo mahali ambapo karatasi hufichwa kwa bidii kuliko pote. Lilly Ledbetter alianza kazi katika kiwanda cha matairi jimboni Alabama mwaka 1979, akawa msimamizi. Karibu na kustaafu kwake alikuta kijikaratasi kisicho na jina la mwandishi, kimeandikwa mshahara wake na wa wanaume wenye cheo kama chake. Yeye alikuwa anapata dola 3,727 kwa mwezi. Mwanaume aliyelipwa kidogo kuliko wote alipata dola 4,286, na aliyelipwa zaidi dola 5,236. Akaenda mahakamani. Mwaka 2007, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama Kuu ikamwambia amechelewa: alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumlipa pungufu ulipofanywa. Yaani alipaswa kulalamikia kitu alichofichwa, katika muda alipokuwa amefichwa. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga uamuzi huo na kuusoma upinzani wake hadharani mahakamani. Januari 2009 Rais Barack Obama alisaini sheria yenye jina la mama huyo, inayouhesabu kila mshahara wenye ubaguzi kuwa kosa jipya. Yeye mwenyewe fidia ya kesi ile hakuipata.

Baadhi ya nchi zimeanza kumvua mnyonge mzigo wa kuthibitisha. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu ubaguzi wa rangi yanasema mlalamikaji akishaonyesha mambo yanayoashiria kuwa alibaguliwa, ni mlalamikiwa anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Iceland ilikwenda mbali zaidi: sheria iliyoanza Januari 2018 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 25 na kuendelea wathibitishe kwamba wanalipa kazi sawa mshahara sawa, bila kungoja mtu alalamike. Na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kwamba mwombaji aelezwe mapema kiwango cha mshahara, na mwajiri asimuulize alikuwa analipwa kiasi gani alikotoka. Hilo la mwisho ni dogo kwa sura, zito kwa uzito: aliyepunjwa kazi ya kwanza alikuwa anabeba upunjwaji wake kwenda kazi ya pili na ya tatu, kwa kuutaja mwenyewe kwa mdomo wake.

Huwa naambiwa uwazi wa mishahara utaleta wivu na majungu. Majungu yapo tayari. Yanastawi kwa sababu watu wanakisia. Na mwajiri anayeogopa wafanyakazi wake kujua wenzao wanacholipwa, mara nyingi ameshaijua hesabu itakavyosomeka.

Kama ni wewe unayepitia haya sasa, andika. Andika siku ileile, kabla maneno hayajabadilika kichwani: tarehe, nani alisema nini kwa maneno yake hasa, nani alikuwepo. Weka nakala mahali ambapo si kompyuta ya ofisi. Omba sababu kwa maandishi, kwa lugha ya staha, maana barua yenye staha haina pa kukamatiwa. Uliza mapema muda wa kuwasilisha malalamiko kwa sheria za nchi yako, kwa sababu huo muda huwa mfupi, na haki nyingi zimefia hapo. Na usilibebe peke yako. Tafuta chama cha wafanyakazi au mtu wa msaada wa kisheria kabla hujaandika barua kali. Wanaolalamika hulipiziwa kisasi, tusidanganyane. Kujipanga hakumalizi hatari hiyo, kunaipunguza.

Na wewe ambaye hubaguliwi, wewe ndiye uliyeshika karatasi ya pili. Kijikaratasi kile cha Alabama kiliandikwa na mtu aliyezijua namba. Ofisi moja niliyofanya kazi, kaka mmoja alimsikia mwenzake wa dawati la pili akihesabu kama ataweza kulipa ada ya watoto. Walifanya kazi ileile, waliajiriwa mwaka mmoja, na dada yule alikuwa na elimu kumzidi. Yule kaka hakuandika kijikaratasi. Kesho yake alileta barua yake ya ajira, akaiweka mbele yake na kumwambia, "Dada, chukua, nenda nayo Utumishi. Wakiuliza umeitoa wapi, sema nimekupa mimi." Akaenda nayo. Kwa wiki kadhaa bosi alikuwa hajibu salamu ya yule kaka. Baadaye mshahara wa dada ukapandishwa, ukalingana na wa mwenzake. Malimbikizo ya miaka iliyopita aliambiwa hayapo kwenye bajeti. Anaendelea kuyadai, na kila barua anayoandika, yule kaka anatia saini kama shahidi.